Maua Yasiyomwagiliwa

Ingia sebule yoyote hapa Tabora mjini, kuanzia Cheyo mpaka Ipuli, na juu ya meza ya kioo utayakuta: maua ya plastiki, mekundu yaliyopauka, yamechomekwa kwenye chombo cha udongo chenye nakshi za dhahabu, na kitambaa cha kufuma chini yake. Sina ugomvi na mwenye nayo. Hata kwetu yalikuwepo, na mama alikuwa akiyaosha kwa sabuni ya unga kisha anayaanika kwenye kamba pamoja na soksi za shule. Ila nikiyaona siku hizi najiuliza swali moja: sisi watu wa Unyamwezi, tuliokausha kila kitu tangu enzi za mababu, imekuwaje tukashindwa na ua?

Hebu fikiria. Viazi vitamu tukivikata vibichi na kuvianika tunapata michembe; tukivichemsha kwanza tunapata matobolwa. Majani ya kunde yanakuwa nsansa, mboga ya miezi ambayo bustani imebaki vumbi tupu. Uyoga wa porini unaanikwa. Choya inaanikwa ikanywewe juisi. Na tumbaku ndiyo usiseme, mkoa mzima umesomesha watoto kwa majani makavu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kukausha maua ni mambo ya Wazungu kwenye simu, namwambia aende jikoni kwa bibi yake akaangalie ungo.

Tena maua makavu ya huku yana historia ndefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1861 wapelelezi wa Kizungu Speke na Grant walipita hapa wakielekea kutafuta chanzo cha Mto Nile, wakapiga kambi Kaze, ndiyo Tabora hii. Speke ndiye aliyevuma, lakini James Augustus Grant alikuwa na kazi nyingine njiani: kukusanya mimea, kuipanga kati ya karatasi, kuibana na kuikausha. Mkusanyo wake ulifika kwenye bustani ya Kew, London, na wataalamu wa mimea wakaufanyia kazi. Maana yake kuna vijiua vya pori letu la miombo vilivyochumwa kabla ya reli, kabla ya Mjerumani, na vimehifadhiwa bila tone la maji. Kama karatasi na uzito wa vitabu vimeweza hilo kwenye hema la msafara, sebule yenye bati na dari haina kisingizio.

Kubana kwenye kitabu nisikuchoshe nako, kila mtu aliwahi kukufanya shuleni. Ua linatoka bapa, zuri kwa kadi na fremu. Mimi ninayoyapenda ni maua yenye umbo lake kamili, yanayosimama kwenye chombo, na hapo ndipo hali ya hewa ya Tabora inapokuwa mali.

Tuko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mvua zetu zina msimu mmoja. Zinaanza Novemba, zinaisha Aprili, ikichelewa sana Mei. Baada ya hapo ni kiangazi kitupu mpaka Oktoba. Julai ngozi inapasuka, midomo inapasuka, milango ya mbao inayogoma kufungwa wakati wa masika inaanza kucheza kwenye bawaba zake. Hewa inakuwa na kiu. Dada yangu wa Kigoma, anayekaa jirani kabisa na Ziwa Tanganyika, anakausha maua hayohayo kwa njia hiyohiyo na analalamika kwamba yanachelewa. Huku kwetu kiangazi chenyewe ndicho fundi, wewe unampelekea kazi tu.

Kazi yenyewe inataka mambo machache, na la kwanza ni saa ya kukata. Usikate alfajiri. Umande ukiwa bado uko kwenye ua, ule unyevu unajificha katikati ya petali na ndio unaozaa ukungu. Usikate saa saba mchana, ua limeshalegea. Saa tatu au saa nne asubuhi, umande umekwisha na jua halijapata nguvu, ndiyo saa yake. La pili, kata ua kabla halijafunguka lote, maana likishaning'inizwa linaendelea kufunguka kwa maji yaliyobaki kwenye kikonyo. Waridi lililofunguka kabisa bustanini litakumwagikia petali sakafuni. Lililofunguka nusu litakuwa limefunguka sawasawa litakapokauka.

Ondoa majani yote ya kikonyo, yanashika maji bure. Funga vicha vidogo, maua matano au sita, yasibanane vichwa. Kamba haifai, nasisitiza. Vikonyo vikikauka vinasinyaa, kamba inabaki legelege na kicha chote kinadondoka usiku mkadhani mwizi. Tumia zile raba ndogo za kufungia nywele za watoto, za rangirangi, zinazouzwa kwenye vipakiti sokoni. Kadiri kikonyo kinavyosinyaa ndivyo raba inavyokaza. Kisha ning'iniza kicha vichwa vikiwa chini, ili shingo ya ua isipinde kwa uzito wake ikaukie hapo.

Na ning'iniza gizani. Hapa ndipo wengi wanapinga, kwa sababu kichwani mwetu kukausha ni kuanika, na kuanika ni juani. Michembe juani, sawa, hakuna anayejali rangi ya mchembe. Lakini jua linakula rangi ya ua kuliko linavyokula kanga mpya. Stoo yenye giza na dirisha dogo la kupitisha hewa, au juu kwenye mapaa karibu na dari, hapo ndipo mahali pake. Joto la bati linasaidia, na giza linalinda rangi.

Mambo haya sikuyatoa mbali. Nimekulia Urambo, ambako tumbaku ilishika ardhi baada ya ule mradi wa karanga wa Waingereza kufa mwaka 1951, na utoto wangu ulinuka bani. Ambaye hajawahi kuingia kwenye bani la tumbaku, ni jengo refu la matofali lisilo na madirisha, ndani kuna fito zimepangwa ngazi kwa ngazi mpaka juu, na majani yananing'inia vikonyo juu, ncha chini. Moto unawashwa nje, moshi wake haumgusi jani, ni joto tu linalopita ndani kwenye mabomba. Joto linaanza la chini, majani yageuke manjano taratibu. Kisha linapandishwa, jani likauke. Mwisho linapandishwa zaidi, mpaka kwenye nyuzi 70 hivi, kwa ajili ya kitu kimoja tu: mshipa mnene wa katikati. Jani lote linaweza kuwa limekauka na kuwa jepesi, lakini mshipa ukibaki na maji, mzigo unaoza ghalani na mkulima anarudi nyumbani na deni la pembejeo. Baba alikuwa anachukua jani moja la juu na moja la chini, anaukunja mshipa karibu na sikio. Ukilia, bani linafunguliwa. Ukipinda kimya, kuni zinaongezwa, na kuni hizo ni miombo, jambo ambalo tulikuja kulijutia sote mkoani.

Ua nalo lina mshipa wake, nao ni ile sehemu ya kikonyo iliyo chini kabisa ya kichwa. Petali zinakauka mapema na kukudanganya. Shika shingo ile, jaribu kuikunja kidogo. Ikiwa bado inapinda kimya, rudisha kicha kwenye msumari hata kama kimeshatimiza wiki mbili. Kwa kawaida wiki mbili hadi tatu zinatosha. Katikati ya kiangazi chetu maua madogo yanawahi zaidi.

Swali ninaloulizwa sana ni ua gani linafaa. Jibu langu ni kwamba chagua ua ambalo tangu lilipokuwa shambani lilikuwa limekaribia kukauka. Shika bogenvilia kwenye ua wa nyumba yako uisikilize kati ya vidole, inachakarisha. Ile rangi ya zambarau au ya chungwa unayoipenda si petali hata kidogo, ni majani yaliyogeuka rangi ili kuwavuta wadudu. Ua lenyewe ni kale kamirija keupe kadogo katikati. Majani yale yana maji machache, ndiyo maana yakikauka hayajui kama yamekauka. (Mmea huu asili yake ni Amerika Kusini. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliuchuma Brazil akiwa kwenye msafara wa baharia Mfaransa Bougainville, na jina la nahodha ndilo lililoubakia.)

Kipenzi changu kuliko yote ni gomfrena, kile kiua cha duara cha zambarau kinachoota mbele ya nyumba nyingi bila hata kujulikana jina. Nacho rangi yake ni ya vijani vigumu vidogovidogo vilivyopangana, siyo petali. Ukikikausha gizani, mwaka unapita kikiwa na zambarau yake. Selosia, lile ua zito lenye mikunjomikunjo ya mahameli, linafaa pia, na wote wawili ni wa ukoo wa mchicha, ukiwatazama vizuri mbegu zao utaona undugu. Ongeza masuke ya mtama na uwele, vikonyo vya choya vyenye vikombe vyake vyekundu, majani ya mkalitusi. Upande wa pili, usijisumbue na asumini, yungiyungi, wala haibiskasi. Yamejaa maji, yanageuka kahawia na kunyauka mikononi mwako.

Rangi zina tabia zake na huwezi kubishana nazo. Manjano na chungwa zinabaki, kwa sababu rangi zake ni karotini, ndugu wa ile ya karoti, nazo ni ngumu. Nyekundu ya waridi inakwenda kwenye weusi wa damu ya mzee, kwa kuwa rangi yake imeyeyuka kwenye maji ya ua, na maji yakipungua inakolea na kugeuka. Nyeupe inakuwa ya maziwa, ikizeeka inakuwa ya chai. Bogenvilia, gomfrena na selosia zina rangi ya aina nyingine kabisa, ileile ya bitiruti. Anayetaka waridi jekundu libaki jekundu akanunue la plastiki. Mimi ule weusi naupenda kuliko wekundu wake wa mwanzo.

Mama mkwe alikuja kututembelea Julai moja akakuta dari ya stoo imejaa vicha vichwa chini. Nikamwamkia, akaitikia, macho yako juu.

"Mwanangu, hapa kuna msiba?"

"Hapana mama, nakausha."

"Ya kupika?"

"Ya kuweka sebuleni."

Akanyamaza kidogo, akafungua mlango zaidi apate mwanga. "Sawa. Ila nsansa zangu nilizokuletea zitoe humu, watoto wasije wakachanganya."

Alikuwa na haki zaidi ya alivyojua. Baadhi ya maua ya mapambo ni sumu, na chumba cha chakula na chumba cha maua visiwe kimoja. Kuhusu msiba pia simlaumu. Neno shada kwetu limeshahamia makaburini, na ua lililokufa kuwekwa ndani linawapa watu wengine wasiwasi. Najibu tu kwamba kuna maua yaliyokaa na marehemu miaka zaidi ya 3,200 bila kumdhuru mtu: Howard Carter alipofungua kaburi la Tutankhamun kule Misri, lililogunduliwa mwaka 1922, alikuta vishada vya maua na majani ya mzeituni juu ya majeneza, na baadhi yakiwa bado na dalili ya rangi. Giza na ukavu, basi. Hakukuwa na dawa ya ajabu.

Waridi linastahili kusemwa peke yake. Ukilining'iniza linakauka lakini linajikunja, linakuwa dogo. Ukitaka libaki na ule mpangilio wake wa petali, lizike kwenye mchanga. Mchanga wa mto, ule mwembamba, uoshe mpaka maji yatoke safi, uchekeche kwa chekecheo la unga ulilolistaafisha, kisha ukaange kwenye sufuria pana mpaka usishikane. Uache upoe kabisa. Wakati unapoa, kata kikonyo cha ua ubakize kama sentimita tatu na uchomeke waya mwembamba, ule wa kufungia nondo, unapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Fanya hivyo ua likiwa bichi, kwa sababu likishakauka ukilichoma linapasuka.

Chukua boksi la viatu, weka mchanga wa vidole viwili chini, simamisha ua likiangalia juu na waya wake umekunjwa pembeni. Sasa kijiko. Usimwage mchanga juu ya ua. Mwaga pembeni, uache upande wenyewe, kidogo nje ya petali, kidogo ndani ya petali, nje, ndani, ili pande zote mbili zipande sawa na petali isilemewe upande mmoja. Hii ni kazi ya mtu aliyetulia. Watoto wakiwa wanakimbizana sebuleni acha kwanza. Ua likishafunikwa lote, boksi libaki wazi bila kifuniko ili maji yapate pa kutokea, na lisiguswe kwa wiki mbili tatu. Siku ya kufungua usivute ua. Toboa kona ya boksi, uache mchanga utiririke wenyewe mpaka ua libaki limesimama, kisha lipitishie brashi laini ya rangi za maji.

Vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba mipya vinafanya kazi hiyohiyo kwa siku chache, kwa kuwa vinavuta maji, ila humo unahitaji kopo lenye kifuniko, vinginevyo vinashiba unyevu wa chumba. Havitoshi kuzika ua, lakini usivitupe, nitavirudia.

Nje ya bustani kuna mapambo ya bure porini. Kiangazi mninga unapukutisha majani na kubaki na matunda yake yananing'inia matawini: duara bapa, ukingo mwembamba unaopitisha mwanga, katikati pamevimba na kujaa vijimiba, utadhani mayai ya kukaanga yameanikwa mtini. Okota yaliyoanguka, yamejikausha yenyewe. Matatu kwenye waya, yakiwa kati ya masuke ya uwele, yanakitoa chombo kwenye ushamba wa dukani. Majani ya kijani unayotaka yabaki laini, simamisha tawi kwenye glisalini, sehemu moja kwa sehemu mbili za maji ya moto, yavute mpaka yageuke rangi na kuwa na mguso wa ngozi.

Kitu kimoja nakataza: mahindi. Najua picha za mahindi ya rangi yamefungwa mlangoni zinapendeza, lakini hii ni Tabora. Dumuzi, yule mdudu aliyetoka Mexico na Amerika ya Kati, alionekana Afrika kwa mara ya kwanza katika mkoa huu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakampa jina la Scania. Anatoboa hindi, muhogo mkavu, hata mbao za ghala. Huwezi kumkaribisha sebuleni kwa ajili ya urembo. Masuke ya mtama nayo yapitishe kwenye friza siku kadhaa yakiwa kwenye mfuko uliofungwa, fukusi na mayai yake wafe, ndipo uyalete mezani.

Vumbi litakusumbua zaidi ya wadudu. Barabara zetu za mtaa mnazijua. Brashi laini mara moja moja, au mashine ya kukaushia nywele kwenye upepo wa baridi, ukiwa umesimama mbali. Usiyaweke dirishani. Usiyaweke mkabala na feni, hasa masuke, utafagia kutwa. Ukiyapulizia spreyi ya nywele kidogo yanashikamana.

Kisha ikifika Novemba, kubali. Mvua ya kwanza ikinyesha hewa inabadilika ndani ya siku moja, na maua haya yanavuta unyevu yaliounyimwa miezi sita. Waridi la mchangani ndilo linaloanza kulegea. Wapo wanaoyapaka vanishi; mimi sipendi, yanang'aa na kurudi kwenye ule uplastiki tulioukimbia. Nayafunga kwenye gazeti, nayapanga kwenye boksi kavu juu ya kabati, na vile vipakiti vya viatu navitawanya katikati yake. Wakati wa masika bustani ina maua mabichi ya kutosha, na tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mjini hata kumwagilia kumepungua uchungu.

Wakati wa kufunga maboksi ndio wa kuchukua mbegu. Fikicha vichwa vichache vya gomfrena vilivyozeeka, mbegu zimo humo ndani ya yale manyoya. Watu wanazitupa ardhini mvua ya kwanza ikidondoka, wanapata maua Februari, katikati ya mvua, na kila wanachoning'iniza kinaota ukungu. Subiri mpaka mwishoni mwa Januari ndipo usie kitalu. Inachukua karibu miezi mitatu kuchanua, kwa hiyo vichwa vinakomaa Aprili ikiishia, mvua zinaaga, na raba zako za nywele ziwe tayari zimenunuliwa.